Mkono Unaozima Tanuri

Uvumi wenyewe Disa aliupata kanisani, katika kile chumba cha chini ambako watu wa Gimli, mji mdogo wa kando ya ziwa, hunywa kahawa baada ya ibada, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani.

"Ni ninyi mlionunua nyumba ya Laufi?" mama mmoja alimuuliza, shavu limejaa keki. Wenzake wakatazamana juu ya vikombe. "Basi jiandaeni kwa baridi, mwanangu. Yule mzee hajahama. Ukiwasha moto mle, yeye anakuja nyuma yako anauzima."

"Acha kumtisha mtoto wa watu wewe," mwingine akasema, na meza nzima ikacheka. Disa naye akacheka. Ukiwa mdogo kwenye meza ya wakubwa unacheka wanachocheka. Lakini usiku ule, kabla ya kulala, alishuka ngazi hadi chumba cha chini kulitazama tanuri la gesi linalopasha nyumba joto, akaliona limekaa pembeni kimya na kitaa chake chekundu, akapanda haraka bila kugeuka nyuma.

Laufi wote walimjua. Alikuwa kapera aliyezaliwa katika nyumba ile, akazeekea humo, akafia humo. Wakati wa baridi kali moshi wake ulikuwa ukitoka jioni kidogo tu, kisha unakatika, na wapita njia walimwona dirishani amevaa koti lake refu na kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anakunywa kahawa anatetemeka. Walisema ni bahili. Alipofariki walimkuta kwenye kiti, jiko baridi kama jiwe, na kuni zimepangwa ukuta mzima. Jamaa yake mmoja alibomoa bomba la moshi la zamani, akaweka tanuri jipya la gesi, akapaka rangi, akauza.

Disa hangesumbuliwa na maneno ya kanisani kama si Loa. Loa ndiye mtoto wake wa pekee, wa miaka sita, na majani yalipoanza kuanguka alilazwa kwa homa ya mapafu mpaka mama yake akajifunza kuhesabu pumzi za mtu aliyelala. Daktari alimruhusu kwa sharti moja: baridi isimguse kifua. Baba yake, Kjartan, anaendesha malori kaskazini juu ya barabara za barafu, anaonekana nyumbani kama mgeni. Kwa hiyo joto la nyumba ile lilikuwa juu ya Disa peke yake. Likizimika, atakayeumia ni mtoto.

Theluji ya kwanza nzito ilipoanguka, bibi yake Disa alipiga simu. Amma Steina, ndivyo ukoo mzima unavyomwita, hasalimii kwenye simu. Anaanza tu.

"Nyumba umeivika?"

"Bado, Amma."

"Unangoja nini? Upepo wa ziwani utakuingilia chini ya sakafu kama panya. Mama yangu alivika, bibi yangu alivika, hakuna mtoto wa kwetu aliyekufa kwa baridi."

Kuivika nyumba ni hivi: unachukua koleo, unasukuma theluji ukutani pande zote mpaka chini ya madirisha, unaipigapiga kwa mgongo wa koleo mpaka igande, nyumba inakaa kama kuku anayeatamia. Desturi hiyo watu wa pale waliitoa huko walikotoka babu zao, ambako nyumba zilifunikwa kwa udongo na nyasi. Na ni kweli inazuia upepo. Disa alivika tangu asubuhi mpaka mgongo ukamkatika.

Upande wa ziwani alikuta mabomba mawili meupe ya plastiki yametoka ukutani, karibu na kidirisha cha chumba cha chini, kimo cha goti tu kutoka ardhini. Moja linavuta hewa kwa ajili ya tanuri, jingine linatoa pumzi yake. Nyumba za zamani hazikuwa na kitu kama hicho. Moshi ulikuwa ukitokea juu ya paa, ukaenda zake. Disa hakuwa mjinga, alijua mabomba hayapaswi kuzibwa. Akachukua ubao mpana, akauegemeza ukutani juu yake kama kibanda, ndipo akarundika theluji juu ya ubao. Akaacha tundu pembeni la kutosha kupitisha mkono. Akatazama kazi yake akaridhika. Usiku ule ule upepo ukaliziba tundu kwa theluji, asijue.

Haikupita wiki tanuri likaanza vituko.

Lilikuwa likiwaka vizuri. Kwanza feni ndogo inavuma, kisha kinagonga kidude, tik, tik, tik, halafu moto unashika kwa pumzi moja kubwa, na hewa ya moto inapanda kwenye matundu ya sakafu. Loa alikuwa akikimbia kusimama juu ya tundu la jikoni, gauni lake linajaa upepo kama puto. Na kabla hata vidole havijapata moto, tak. Kimya. Baada ya muda linaanza tena, feni, tik, tik, tik, pumzi, halafu tak. Ile tak haikuwa na haraka. Ilikuwa kama mtu aliyeshuka taratibu, akatafuta swichi gizani, akabonyeza.

Disa alifanya yote anayoyajua mwenye nyumba. Alibadilisha kichujio cha hewa, kile cha zamani hakikuwa na vumbi hata la kufuta. Alibadilisha betri za kidude cha ukutani cha kupangia joto. Alisogeza makochi, akafungua kila tundu la sakafu. Alichungulia kwenye kijidirisha cha tanuri, akaona kitaa chekundu kinapepesa, kinapepesa, kinatulia, kinapepesa tena. Kilikuwa kinamwambia jambo, na yeye hakujua lugha yake.

"Mama," Loa alisema jioni moja akiwa amelala kifudifudi, sikio kwenye tundu la sakafu. "Yule mzee anapumua."

"Mzee gani?"

"Wa chini. Anapumua, halafu anaacha."

Disa akamwinua kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Hakuna mzee. Ni feni. Inuka, utachafua nguo."

Lakini mtoto alipolala, yeye mwenyewe akainama akaweka sikio palepale.

Kisha Loa akaanza kulalamika kichwa. Asubuhi hataki uji, mchana analala kama kitoto kichanga, macho mazito. Disa alimpima homa, hana. Jambo la ajabu, wakienda kwa Amma, au kanisani, mtoto anachangamka, anakimbizana na wenzake, anakula vipande viwili vya keki. Wakirudi nyumbani, kichwa. Na Disa mwenyewe, akishinda ndani kutwa, alikuwa akisikia kama amefungwa kitambaa cha kubana kwenye paji la uso.

Akamweleza Amma. Bibi alikaa na donge la sukari katikati ya meno, akavuta kahawa kupitia humo, akameza.

"Mtoto anapona akitoka. Anaugua akiingia. Sasa wewe unataka nani akwambie? Nyumba haijawakubali."

"Amma, usiseme hivyo."

"Nisiseme nisionekane mshamba? Mzee yule alizaliwa mle. Mmeingia hamkubisha hodi. Mwekee kahawa kwenye ngazi ya juu ya kushukia chini. Na donge la sukari pembeni ya kisahani, alikuwa anang'ata kama mimi. Mwambie kwa adabu: tuna mtoto mgonjwa, tuachie moto."

Disa aliona haya hata mbele ya kuta. Ila aliweka. Alisimama na kisahani mkononi kwenye mlango wa ngazi, akasema maneno yale kwa sauti ndogo, na kule chini tanuri likajibu, tak. Asubuhi kahawa ilikuwa imepoa, ina utando juu, na sukari ipo palepale. Akaweka tena. Sukari ikabaki tena. Baridi ikazidi, Loa akaanza kulala na kofia, na Disa akamwona dirishani siku moja alipokuwa akirudi kutoka dukani, mtoto wake amevaa koti ndani ya nyumba, amekaa kwenye kiti, anatetemeka. Alikuwa kama Laufi. Mifuko ikamdondoka mikononi.

Ndipo akamwita kaka yake.

Valdi ni fundi wa injini za pikipiki za theluji, na mtu akishafungua injini anadhani amefungua dunia. Aliingia na viatu vyake vimejaa theluji, akambeba Loa begani, akashuka chini akiimba.

"Liko wapi hili jini lenu? Hodi, mzee Laufi! Nimekuja na bisibisi!"

"Valdi, usimtanie."

"Nani, marehemu? Aliwahi kuninyima biskuti akiwa hai, nimheshimu leo?" Akafungua mfuniko wa tanuri, akachungulia. "Aa. Ona linavyokukonyeza, dada. Limekupenda."

"Kuwa na akili. Linasema nini?"

"Linasema lina woga." Akagusa kidude cha mviringo, kama kifuniko cha chupa, chenye kijimrija cha mpira. "Hii ni swichi ya hewa. Inatakiwa ihisi hewa inavutwa na kutoka sawasawa. Isipohisi, inakata moto. Sasa hii imeharibika, inaogopa kivuli chake. Hewa! Nje huko kuna hewa mpaka ncha ya dunia."

"Si uangalie kwanza mabomba nje?"

"Uliyafunika?"

"Niliyajengea kibanda. Theluji haiyagusi."

"Basi. Kazi ya nje umeimaliza, mimi namaliza ya ndani." Akakata kipande cha waya mwekundu, akaunganisha upande huu na upande ule wa swichi, akaviringisha utepe mweusi, akavuta kuhakikisha. "Sasa hata aje Laufi na ukoo wake wote, moto hauzimiki. Kipuri kipya nitaagiza baada ya hii tufani inayokuja."

Tanuri likavuma, tik, tik, tik, likashika. Walisimama wote watatu wakisikiliza. Likaendelea. Wakapanda jikoni, likaendelea. Valdi akala sahani mbili za viazi na nyama, akaondoka wingu la tufani likiwa limeshashuka ziwani, na lilikuwa bado linawaka. Disa akakishika kisahani cha kahawa akitaka kukiosha na kusahau aibu yake. Kisha, hajui kwa nini, akamimina kahawa mpya, akaweka donge la sukari, akakirudisha kwenye ngazi. "Asante kwa kutuachia," akasema.

Kesho yake tufani ilipiga kutwa. Nje palikuwa peupe tu, hata nyumba ya jirani yao Orest, ng'ambo ya uwanja, haikuonekana. Ndani palikuwa na joto la kuvua sweta. Vioo vya madirisha vililia maji mpaka kwenye mbao, jambo ambalo Disa hakuwahi kuliona. Loa alilala kwenye kochi baada ya chakula, mashavu mekundu, na mama yake alimtazama akasema moyoni: hatimaye mtoto wangu ana rangi.

Mama mwenye mtoto, soma hapo mara mbili. Ile rangi haikuwa afya.

Saa kumi na nusu hivi giza likaanza kuingia. Disa alikaa kitini amenyoosha miguu. Kulikuwa na vyombo vya kuosha, aliviona, na vilikuwa mbali sana. Kichwa kilikuwa hakiumi tena. Kilikuwa kimejaa pamba. Chini yake ile pumzi ilikuwa inavuma bila kukatika, ndefu, ndefu, na akawaza kwa uvivu kwamba mtu anayepumua hivyo bila kuacha lazima atachoka.

Mlango wa ngazi ya chini ulikuwa wazi. Hakukumbuka kuufungua. Pale mlangoni palikuwa na mtu amesimama, ameinama kidogo, koti lake refu linagusa sakafu. Alikuwa amemgeukia Loa. Alimtazama mtoto kwa muda, kama mtu anayemtambua. Kisha akainama mpaka chini, akanyoosha mkono kwenye kisahani, akageuka, akashuka. Ngazi ya tatu ililia kama inavyolia mtu akiikanyaga.

Disa hakuogopa. Baadaye ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba hakuogopa hata kidogo.

Tak.

Ile pumzi ikakatika. Nyumba ikawa kimya mpaka akasikia theluji ikisugua vioo. Na baridi ikaanza kurudi, polepole, kutoka sakafuni, ikamshika vifundo vya miguu, ikapanda magotini.

"Hata leo, Laufi?" ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Hata leo? Mtoto ana kifua!"

Hasira ndiyo iliyomwinua. Alitaka kushuka, amkute, amwambie. Alipiga hatua, akaanguka kwa mikono. Kutoka pale chini uso wake ulikuwa karibu na uso wa Loa. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka lakini mashavu mekundu kama yamepakwa. Akamwita. Akamtikisa. Akampiga kofi, Mungu amsamehe. Mkono wa mtoto ukadondoka kando ya kochi, ukabaki ukining'inia.

Mtoto anapona akitoka. Maneno ya Amma yalikuja yenyewe, bila nyumba, bila mzee, hayo tu: akitoka.

Akamvuta kwa blanketi. Hakumbuki mlango aliufunguaje. Anakumbuka upepo ulivyompiga usoni, na kwamba pumzi ya kwanza ya baridi ilimkata kifuani kama kisu, ya pili ikamtapisha, na ya tatu ikamwonyesha taa ya Orest. Alilivuta lile blanketi juu ya theluji, akianguka, akiinuka, mtoto aliyeambiwa asiguswe na baridi akiwa wazi katikati ya tufani, na yeye akipiga kelele jina la mtoto wake.

Orest ni mzimamoto wa kujitolea wa mji. Alifungua mlango akiwa na uma mkononi, akawatazama mara moja, akautupa uma. "Anapumua," alisema akiwa ameshapiga magoti. "Anapumua, Disa. Shika miguu. Mnatumia gesi?" Na bila kungoja jibu akawa anapiga simu.

Gari la wagonjwa lilikuja nyuma ya katapila la kusukuma theluji, linaenda mwendo wa mguu. Loa aliwekwa barakoa ya oksijeni, ya mkubwa, ikamfunika mpaka machoni. Njia nzima Disa alihesabu pumzi zake. Walipokaribia hospitali mtoto alifungua macho, akasema kitu ndani ya barakoa, na muuguzi akaisogeza asikie.

"Nina njaa," alisema Loa.

Disa akalia kama mtu aliyepigwa.

Tufani ilipotulia Orest alimrudisha Disa nyumbani kuchukua nguo. Valdi aliwakuta uwanjani, hana nyimbo siku hiyo. Kipimo cha gesi ya sumu ambacho Orest aliingia nacho jioni ile ya tufani kilikuwa kimepiga kelele kabla hajafika jikoni. Sasa akawaonyesha ukutani alikochimba theluji. Chini ya ule ubao palikuwa pamekuwa pango, kuta zake barafu inayong'aa kama kioo, halina tundu popote. Tanuri lilikuwa linatoa uchafu wake mle, kisha linauvuta tena na kuutumia kama hewa, na unaobaki unapenya ndani kwa kidirisha cha chini. Si moshi. Ni gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile swichi haikuwa imeharibika. Kila ilipokata moto, ilikuwa inasema kweli.

"Mngeiacha iwe inakata, mngeendelea kuumwa vichwa," Orest alisema bila kumtazama Valdi. "Kwa ule waya anaosema Valdi, gesi ingewamaliza. Sikufichi, sielewi kwa nini mko hai. Nilipofika tanuri lilikuwa limeshazimika. Nani aliuondoa waya?"

"Auondoe nani?" Valdi akauliza.

Wakaingia. Tanuri lilikuwa kimya, mfuniko wake umefungwa kwa skrubu zote. Orest aliapa kwamba alipofika aliukuta hivyohivyo. Valdi akaufungua. Swichi ilikuwa peke yake, haina waya, haina hata gundi ya utepe.

Ule waya mwekundu ulikuwa kwenye ngazi ya juu, umeviringishwa vizuri ndani ya kisahani, kando ya kikombe. Kahawa ilikuwa imeganda barafu. Donge la sukari halikuwepo.

Valdi alikaa kwenye ngazi. "Mimi niliufunga, dada. Niliuvuta. Wewe uliniona."

"Nilikuona."

Jioni Disa alikaa na Amma kando ya kitanda cha Loa hospitalini, akamsimulia yote, mpaka lile koti. Bibi akamfunika Loa blanketi vizuri.

"Alikuwa na dada mdogo, Laufi," akasema. "Walikuwa watoto. Mama yao alifunga tundu la moshi la jiko la makaa mapema, joto lisipotee, wakalala. Laufi alikuwa ameenda kuchota maji. Alirudi akawakuta mama na mdogo wake wamekufa, wote wawili na mashavu mekundu. Tangu hapo hakulala na moto umewaka, mpaka kufa."

"Amma! Ulijua, na ukaniacha niwaze kwamba ananichukia?"

"Nilikwambia anapenda nini. Hukuuliza anaogopa nini." Akachukua mkono wa Loa, akaufunika kwa wake. "Na mimi ndiye niliyekutuma uvike. Usidhani nimesahau."

Nyumba hawakuiacha. Tanuri linawaka sasa na kuzimika kwa wakati wake, na ukuta wa ziwani uko wazi, upepo unaingia chini ya sakafu, wanavaa soksi mbili. Sukari bado huwekwa. Mara nyingi inabaki.

Mama mwenye nyumba na mtoto, mambo ya kuepuka ni haya:

Usirundike theluji karibu na mabomba ya tanuri, hata kama bibi yako alivika na bibi yake alivika. Wao moshi wao ulipita juu.

Usiyajengee kibanda, ubao wala boksi.

Usingoje tufani iishe ndipo ukayatazame. Toka, tazama, rudi.

Usikubali mtu afunge waya kwenye swichi ya tanuri, hasa akiwa ndugu yako, hasa akiwa anaimba.

Usifurahie mashavu mekundu ya mtoto asiyeamka.

Usimpe dawa ya kichwa mtoto anayepona kila akitoka nje. Mtoe nje.

Usikae bila king'ora cha gesi ya sumu karibu na vitanda.

Ukisikia usingizi mzito mchana na madirisha yanalia, usikae kitini kufikiri.

Tanuri likizimika kabla ya wakati, usilitukane, wala usimtukane unayedhani amelizima. Uliza kwanza ameona nini.